Kuchaguliwa maisha ukiwa na miaka 12: Watoi wa ploti wamesoma 'The Giver', na hawasikizani

Hebu fikiria hivi. Uko na miaka 12. Mtaa mzima umekusanyika, mathe na buda wako wako pale kwenye viti, halafu mkuu wa wazee anaita jina lako na kukutangazia kazi utakayofanya hadi uzeeke. Hujajaza fomu yoyote. Hujaulizwa. Watu wanapiga makofi, unarudi kukaa.

Ungeshukuru, ama ungetoroka?

Hilo swali limenilia Jumamosi nne. Mimi na watoi saba wa ploti yetu, wa miaka 12 hadi 16, tumekuwa tukisoma 'The Giver', riwaya ya mwandishi Mmarekani Lois Lowry. Nakala ni moja tu. Niliitoa kwa inama, wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mtumba kando ya barabara pale tao, kwa shilingi 150 baada ya kubishana sana. Kwa hivyo tulisoma kwa zamu na kwa sauti, kule juu kabisa tunakoanika nguo, mtu mmoja akishika kitabu na wengine wakikwepa shuka zinazodondosha maji.

Kabla sijakuambia walivyosema, onyo: nitamwaga siri za hadithi. Kama hupendi kuharibiwa utamu, kisome kwanza, ni kitabu chembamba, halafu urudi.

Hadithi yenyewe

Kitabu kilitoka mwaka wa 1993, na mwaka uliofuata kikashinda Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto kule Marekani. Ni ile aina ya hadithi wanayoita distopia: watu wanajenga pepo, halafu ukichungulia vizuri unakuta ni jela.

Jonas anaishi mahali ambapo hakuna njaa, hakuna vita, hakuna anayekosa kazi. Kila familia inapewa mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja, si wa kuzaa wao. Kila mwaka watoto wote wa rika moja wanapanda ngazi pamoja. Ukiwa na miaka 4 hadi 6 unavaa jaketi yenye vifungo mgongoni, ili ujifunze kumtegemea mwenzako akufunge. Ukifika 9 unapewa baiskeli. Ukifika 12 unapewa kazi.

Wenzake Jonas wanapata kazi za kawaida. Yeye anaambiwa atakuwa Mpokeaji wa Kumbukumbu. Kuna mzee mmoja tu aliyebeba kumbukumbu zote za dunia ya zamani: theluji, jua, rangi, Krismasi, vita, njaa. Wengine wote walinyang'anywa zamani ili waishi kwa amani. Kazi ya mzee ni kumpitishia Jonas huo mzigo, na ndiye anayekipa kitabu jina lake, yaani yule anayetoa.

"Mimi ningehamia huko"

Nilidhani najua watoi watasema nini. Nilikosea siku ya kwanza kabisa.

Kijana mmoja wa miaka 14 alisikiza sura tatu, akauliza kama ni kweli huko chakula kinaletwa hadi mlangoni kila siku. Nikamwambia ndiyo. Kodi je? Haitajwi. Kuna mtu anakosa kazi? Hakuna. Basi akasema yeye angehamia huko kesho, na tena angebeba mathe wake.

Nikaanza kumletea zile hoja zangu za uhuru. Akaniangalia tu. Mwezi uliopita nyumba yao ilifungwa kufuli na keateka kwa sababu ya kodi ya miezi miwili, na walilala kwa jirani siku tano. Ni rahisi kumwimbia mtu uhuru wa kuchagua ukiwa umelala kwako. Niliacha kubishana naye, na sioni aibu kusema kwamba hadi leo sina jibu zuri la kumpa.

Kama unasoma hii ukingoja simu kutoka mahali ulipopeleka CV mwaka jana, najua na wewe umeshawishika kidogo. Usijifiche.

Wadogo wao walipenda baiskeli. Kuna sheria moja huko ambayo kila mtu anaivunja: watoto wakubwa huwafunza wadogo zao kuendesha kisiri kabla hawajafika miaka 9. Ilisemekana ibadilishwe, lakini ikapelekwa kwa kamati, na watu wa huko hutania kwamba wanakamati watazeeka kabla hawajaamua. Hapo ploti nzima ilicheka. Mkenya haelezwi kamati ni nini.

Neno lililotugawanya

Kuna sehemu Jonas anawauliza wazazi wake kama wanampenda. Wanamcheka. Wanamwambia neno hilo limezeeka, halina maana kamili, atafute lingine. Huko kuongea bila usahihi ni kosa. Rafiki yake Asher, akiwa mtoto wa miaka mitatu, alikuwa akichapwa kila alipokosea neno moja wakati wa kuomba chakula, hadi akanyamaza kabisa kwa muda.

Hiyo ya Asher mimi ilinigonga, kwa sababu nilisoma shule iliyokuwa na diski. Ukishikwa ukiongea Kiswahili ama lugha ya nyumbani siku ambayo si yake, unavalishwa hicho kidude shingoni, na jioni unachapwa. Watoi walishangaa, lakini wawili walisema kwao bado kuna kitu kama hicho, jina tu ndilo limebadilika.

Ila hapo kwa upendo walinigeuka. Nilitarajia wawaonee huruma akina Jonas. Msichana wa Gredi ya 8 akasema kwani shida ni nini, hata mathe wake hajawahi kumwambia anampenda. Akasema mathe akifika usiku kutoka kazini anamuuliza kitu kimoja tu, kama amekula. Mwingine akasema kwao ni hivyo hivyo. Tukapiga hesabu: kati ya watu wanane pale juu, ni mmoja tu aliyewahi kuambiwa hilo neno na mzazi, na ilikuwa kwa simu, kutoka Saudia.

Basi tofauti yetu na akina Jonas ni ipi? Walibishana hadi giza likaingia. Wengi wakakubaliana kwamba wazazi wa Jonas hawakukosa neno, walikosa kitu chenyewe. Sisi tuna kitu, neno ndilo hatulitumii. Yule wa Saudia alisema afadhali uwe na vyote viwili.

Pacha mwepesi

Sasa nifike pale palipofanya tukose kusoma kwa wiki nzima.

Tangu ukurasa wa kwanza tunasikia kuhusu "kuachiliwa". Wazee wanaachiliwa, kwa sherehe. Wavunja sheria wanaachiliwa. Watoto wachanga wasiokua vizuri wanaachiliwa. Unadhani wanapelekwa mahali. Halafu wanazaliwa pacha wanaofanana, na sheria haitaki watu wawili wenye sura moja. Babake Jonas, mtu mpole anayelea watoto wachanga, anawapima. Aliye mzito anabaki. Aliye mwepesi anadungwa sindano, anawekwa kwa boksi, anatupwa. Na baba anampungia mkono wa kwaheri huku akiongea kwa ile sauti ya kubembeleza watoto.

Kati yetu kuna pacha. Ako na miaka 13. Sote tunajua hadithi yake kwa sababu mathe wake huisimulia kila Krismasi: alizaliwa akiwa mdogo kuliko ndugu yake, wiki kadhaa za kwanza akalala kifuani mwa mama kama kinda. Ndiye aliyekuwa zamu ya kusoma. Alifika pale, akafunga kitabu, akashuka ngazi.

Nilijilaumu. Nilijiuliza kama nimewasomea watoi kitu kisichofaa. Na si mimi wa kwanza. Kule Marekani kitabu hiki kimekuwa kwa miaka mingi kati ya vile ambavyo wazazi wanaomba viondolewe shuleni, na hii ni mojawapo ya sababu.

Jumamosi iliyofuata alirudi na ndugu yake. Alitaka kujua tu kama baba alijua. Si kwamba alifanya, bali kama alijua anachofanya. Tukasoma tena pole pole. Kitabu kinaonyesha mtu ambaye hajawahi kupewa nafasi ya kujua kifo ni nini, kwa sababu kumbukumbu zote zilifungiwa kwa mzee mmoja. Pacha wetu akasema hapo ndipo penye makosa: ukimnyima mtu uchungu, anaweza kuua mtoto huku anatabasamu.

Yule kijana wa kuhamia hakusema kitu. Baadaye aliniambia bado anataka kile chakula cha mlangoni, lakini watu wake hawakai naye.

Waliokosoa

Usifikiri wote walipenda. Msichana wetu mkubwa, wa miaka 16, alikuwa na orodha. Rangi zilifutwaje duniani? Kumbukumbu zinapitaje kwa mkono juu ya mgongo? Na mbona Jonas akitoroka zinarudi kwa watu, zinasafiri na nini? Kitabu hakielezi, na yeye anataka kuelezwa.

Kilichomkasirisha zaidi ni wasichana wanaochaguliwa kuzaa. Wanalishwa vizuri, wanazaa watoto watatu ambao hawatawaona kamwe, kisha wanapelekwa kazi za sulubu hadi uzeeni. Kitabu kinawataja halafu kinaendelea na Jonas. Nilimwambia Lowry alirudi kwao baadaye: mfululizo una vitabu vinne, na cha mwisho, 'Son' cha mwaka 2012, kinamfuata mmoja wa akina mama hao. Akasema basi angeanzia hapo.

Aliyesifu alisifu ufundi mmoja. Hujui kwamba kwa kina Jonas hakuna rangi mpaka anapoona wekundu kwa tufaha. Watoi wakanipokonya kitabu kurudi nyuma kutafuta rangi. Hawakupata. Tulikuwa tumesoma kurasa nyingi bila rangi na hakuna aliyegundua.

Na ndovu. Kumbukumbu moja anayopewa Jonas ni ya ndovu aliyeuawa kwa ajili ya pembe, na mwenzake akija kumwomboleza. Wasomaji wengi wa Lowry wanaijua hiyo kwa mbali. Sisi ni watoto wa mji ambao tani 105 za pembe zilichomwa mbugani mwaka 2016, moshi ukionekana. Kwetu haikuwa kumbukumbu ya zamani.

Filamu ya 2014, yenye Jeff Bridges na Meryl Streep, tuliiona kwa simu. Kura: sita dhidi ya mmoja, kitabu ni bora. Jonas wa filamu ni mkubwa mno, na wadogo walihisi wameibiwa mwenzao.

Lowry na babake, mimi na kozi yangu

Lowry ameeleza kwamba wazo lilitokana kwa sehemu na babake mzee, aliyekuwa akipoteza kumbukumbu. Mzee alikuwa amesahau kwamba binti yake mkubwa, dadake Lowry, alifariki akiwa kijana. Mwandishi akajiuliza: je, si nafuu kusahau? Kitabu kizima ni jibu lake.

Kwetu swali lilikuwa lingine, na ndilo lililonifanya nikinunue. Dada yangu mdogo ako Gredi ya 9 na anatakiwa kuchagua mkondo wa sekondari ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, ama sanaa na michezo. Miaka 14. Nyumbani kila mtu amekuwa mkuu wa wazee.

Aliniuliza kama mimi nilichagua. Nikamwambia ukweli. Kozi niliyopangiwa ilikuwa chaguo langu la nne, niliijaza ili nafasi isibaki wazi, na baada ya semesta tatu niliacha. Sijivunii na sijutii. Lakini sikumwambia afuate moyo wake, kwa sababu moyo haulipi kodi, na yule kijana wa kufuli alikuwa amekaa pale akinisikiza. Nilimwambia tu kwamba akina Jonas hawana pa kurudi wakikosea, na yeye anapo. Akikosea, atarudi hapa kwetu, tutaanza upya.

Amechagua sanaa na michezo. Mathe hajafurahi, lakini hajakataa.

Marehemu Katama Mkangi aliandika riwaya ya Kiswahili kuhusu nchi ya mbali ya kufikirika, akaiita 'Walenisi'. Litenganishe hilo jina ulisome pole pole. Ndivyo nilivyohisi tukimaliza 'The Giver': wale ni sisi, kwa mazuri na kwa mabaya.

Mwisho wake Jonas anatoroka na mtoto Gabriel aliyekuwa aachiliwe. Baridi, theluji, wanateremka mlima kwa sleji kuelekea mataa na muziki. Walifika ama walikufa? Ukurasa unaisha. Watoi walipiga kelele. Niliwaambia vitabu vinavyofuata vinajibu, lakini sikuwaambia jibu.

Mathe alikuwa amepanda kutoa nguo kwa kamba, na kumbe alikuwa akisikiza muda wote. Akauliza swali moja tu kuhusu hao watoto wawili.

"Na walikuwa wamekula?"

Ploti nzima ilinyamaza, halafu yule msichana wa Gredi ya 8 akaanza kucheka, na tukaangua kicheko sote. Mathe hakuelewa tunacheka nini. Kitafute kitabu, ukimalize, kisha uniambie: wewe ungebaki, ama ungepanda ile baiskeli?