Taya la Mtoto Likivimba, Mwalimu Asingoje

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii hunijia kila nimkumbukapo mtoto mmoja niliyemfunza katika shule ya msingi karibu na Ziwa Victoria. Hata hivyo, kwake yeye hapakuwa na aliyeficha lolote. Maradhi yake yalikuwa usoni, mbele ya macho yetu sote, na bado hatukuyaona.

Alikuwa na umri wa miaka sita. Alianza kwa kulalamika kwamba jino lake la nyuma lilikuwa likicheza. Sisi walimu tulitabasamu, tukamwambia kwamba sasa amekua. Jino liling'olewa. Baada ya siku chache la kando yake nalo likalegea, na shavu likafura. Mimi mwenyewe nilimshauri mama yake amsukutulishe maji ya chumvi. Majirani wakanong'ona kwamba ni kijicho cha watu. Kwa kuwa uvimbe haukumuuma, mtoto aliendelea kucheza, nasi tukaendelea kungoja. Alipofikishwa katika hospitali kubwa, jicho la upande ule lilikuwa limesukumwa nje.

Maradhi hayo ni saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Huzuka katika seli za damu ambazo kazi yake ni kuukinga mwili. Aghalabu huwapata watoto wa kati ya miaka minne na kumi, na hapa Kenya huonekana zaidi kandokando ya Ziwa Victoria na katika ukanda wa Pwani. Mara nyingi hutokea tayani, ingawa huweza pia kuanzia tumboni.

Historia ya jina hilo ni ya hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1957, Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliitwa na mwenzake amtazame mvulana aliyevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Haukupita muda mrefu akamwona msichana mjini Jinja mwenye uvimbe wa namna ile ile. Mwingine angesema ni sadfa. Burkitt alianza kuuliza. Mwaka wa 1958 aliandika makala juu ya uvimbe huo, na mwaka wa 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakafunga safari ndefu ya gari kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Walibaini kwamba maradhi haya huonekana penye joto na mvua nyingi, yaani pale pale malaria inapozagaa.

Sampuli za uvimbe zilipelekwa London kwa ndege. Huko, mwaka wa 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli zake. Takriban kila mtoto wetu huambukizwa virusi hivyo akingali mdogo, na wengi hawadhuriki. Wataalamu wanaeleza kwamba malaria ya mara kwa mara huivuruga kinga inayovidhibiti. Basi si kijicho, wala si uchawi. Isitoshe, saratani hii haimwambukizi mwanafunzi anayeketi dawati moja na mgonjwa.

Je, hutambulikaje? Kutazama kwa macho hakutoshi, kwani jipu la jino, kifua kikuu cha tezi na vivimbe vingine huweza kufanana nayo. Sharti kikatwe kipande kidogo cha uvimbe, au seli zivutwe kwa sindano, kisha zichunguzwe kwa hadubini. Hapo mtaalamu huona seli nyeusi zilizosongamana, zenye madoa meupe hapa na pale, mfano wa anga la usiku lenye nyota. Hatimaye hupimwa tumbo, uboho wa mifupa na maji ya uti wa mgongo ili ijulikane maradhi yameenea kiasi gani. Wazazi wengi hukataa kipimo cha kwanza wakiamini kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa. La hasha! Bila kipande hicho daktari hajui anachokitibu.

Muda nao ni adui. Seli za saratani hii huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa maradhi ya namna hiyo, juma moja la kungoja si dogo.

Hata hivyo, wepesi huo ndio udhaifu wake, maana dawa za saratani hushambulia hasa seli zinazogawanyika upesi. Tangu miaka ya 1960, Burkitt akiwa Kampala na Peter Clifford akiwa Nairobi waliona uvimbe ukiyeyuka kwa dawa. Upasuaji si tiba yake. Dawa hutiwa mshipani, na nyingine katika maji ya uti wa mgongo ili kuulinda ubongo. Siku za mwanzo mgonjwa huongezewa maji kwa wingi, kwa sababu taka za seli zinazokufa huweza kuziharibu figo. Watoto wengi wanaowahi matibabu na kuyakamilisha hupona.

Nimesema kuyakamilisha, na hapa ndipo mtego ulipo. Mwanafunzi wangu alipotiwa dawa ya kwanza, uso ulirudi kuwa wake kwa siku chache tu. Tulishangilia. Shamba lilikuwa likingoja palizi, nyumbani kulikuwa na wadogo zake, na nauli ilikuwa imekwisha. Mama akamrudisha nyumbani. Baada ya miezi miwili uvimbe ulirudi, na safari hii dawa hazikufua dafu. Muhula wa tatu ulipofunguliwa, kiti chake kilikuwa kitupu.

Simlaumu mama yule. Hakuna aliyemweleza kwamba uvimbe kutoweka si kupona. Hata mimi sikumwuliza tarehe ya kurudi hospitalini.

Walimu wenzangu, sisi humwona mtoto kila asubuhi, kabla ya daktari yeyote. Tukiona meno yamelegea pamoja na ufizi au taya lililovimba, jicho linalotokeza, au tezi ya shingo inayozidi kukua, tumwite mzazi siku iyo hiyo, tumwandikie barua ya kupeleka hospitalini, na tuulize majibu. Mtoto akishaanza dawa, tuiandike tarehe yake ya kurudi katika daftari letu kama tuandikavyo tarehe ya mtihani. Vyuo vya ualimu navyo viyafundishe mambo haya, hasa katika sehemu za Ziwa na Pwani.

Burkitt aliwaona watoto wawili, akauliza. Mimi nilimwona mmoja kila siku, nikamshauri maji ya chumvi. Wewe mwalimu usomaye haya, usiongoje kama nilivyongoja.