Vape ya kopi na mabuye ya "9900": kweli inatoshana na orijinali?

Mbele ya nganda za Kamalondo, hapa Lubumbashi, saa ya mangaribi, moshi yenye inapanda haiko tena paka ya sigareti. Iko na harufu ya maembe, ya minti, ya bombo. Vijana wanavuta vape, ile sigareti ya umeme, na mara mingi mabishano yao ni moja: huyu alilipa dola 100 juu ya orijinali, mwenzake alilipa 25 juu ya kopi, na vyote viwili vinatosha moshi sawa sawa. Basi, mwenye alilipa 100 ni mujinga?

Tulibeba ile swali na kuifwata. Hatukujua kama itatupeleka mpaka Kolwezi.

Tuseme wazi mbele ya yote: hatumusukume mutu avute. Mu vape mingi muko nikotini, na nikotini inamufunga mutu sawa vile tumbako inamufunga. Lakini wenye kuvuta wako, feza wanatosha, na kitu wanachoweka karibu na kinywa kiko na moto ndani. Heri wajue wananunua nini.

Hapa kwetu, mutu akitaka kusema kitu ni kibaya, anasema "ni ya Chine". Kwa vape, ile neno haina maana. Vape ya leo ilizaliwa kule kule: Hon Lik, fundi wa dawa wa Chine, njo aliitengeneza mu mwaka wa 2003, na mpaka leo sehemu kubwa ya vape za dunia inatoka mu muji mmoja, Shenzhen, zaidi sana mu wilaya ya Bao'an. Orijinali inatoka kule, kopi inatoka kule pia. Kiko hata kinyume: kuko vape zenye zilifikiriwa Ulaya, sawa Kayfun, kitengo cha kuchemshia maji chenye kilitoka Ujerumani, na mafundi wa Chine wakakikopia mpaka mutu mwenye macho ya kawaida hawezi kutenga moja na ingine.

Je, ile kopi ni mbaya? Hapa tuwe wa haki. Chuma ni chuma. Mashine yenye kukata chuma mu Shenzhen haiko mbaya kushinda ile ya Ulaya, na kopi nzuri ya kitengo kama kile inafanya kazi yake. Tulishika moja mu mukono. Ilikuwa nzito, inangaa, kioo chake safi. Kosa lake lilionekana pole pole: fasi ya kuzungusha na kufunga ilikuwa inasuguana sawa iko na muchanga ndani, na mipira midogo yenye kuzuia maji isivuje ilikuwa milaini kupita. Kijana mwenye nayo alituambia kama nguo yake ya mufuko inalowa kila siku. "Lakini ba papa," akasema, "kwa dola 25, nitalowa." Ni jibu la mutu mwenye anajua hesabu yake, na hatukumubishia.

Kuko tena tofauti yenye watu wanasahau. Kopi yenye inasema jina lake ni kitu kimoja: mutu aliiga kazi ya mwingine, anauzisha kwa bei ya chini, na mununuzi anajua. Uwongo ni kitu kingine: sanduku lenye jina na alama ya kampuni kubwa, hata na ile fasi ya kukwaruza juu ya kuona namba ya siri, na ndani muko kitu chenye ile kampuni haijaona hata siku moja. Kwa kopi unapoteza uzuri. Kwa uwongo haujui unapoteza nini.

Na maji yenye kuvuta njo mabaya zaidi kuigwa, juu hakuna jicho lenye linaona ndani. Marekani, mu 2019, mapafu ya watu yaliharibika kwa kuvuta: mpaka mwezi wa pili wa 2020 walihesabu wagonjwa 2807 wenye walilazwa ao walikufa, na kati yao 68 walikufa. Kitu chenye walikamata zaidi ni mafuta ya vitamini E, yenye wauzishaji wa kujificha walichanganya mu vape za bangi na kuzitia mu masanduku mazuri. Hatuongezi mingi hapo.

Turudie ku chuma, juu ndani ya chuma njo kuko mambo. Vape kubwa, ile yenye kufunguka, inabeba jiwe moja ao mawili ya umeme. Siyo mabuye ya radio yenye wazee wetu walikuwa wanaanika ku jua juu yapate tena nguvu. Ni jiwe la lithium, lenye wanaita 18650: milimetre 18 upana, milimetre 65 urefu, na zero ya mwisho inasema tu kama ni la muviringo. Ni jiwe lile lile lenye liko mu ordinatere za zamani, mu toshi za kusharje, mu mataa ya jua, mu radio ndogo za soko. Mutu asiyevuta vape hata kidogo, iko na 18650 mu nyumba yake.

Tulienda mu soko ya komini Kenya. Muuzishaji mumoja alitandika meza: mataa, sharjere, vape za rangi, na mabuye yamepangwa sawa sardine. Mabuye ya bleu na ya nyekundu yaliandikwa "9900 mAh". Pembeni, ya rangi ya majivu, yametolewa mu ordinatere zenye zilikufa, hayana uzuri, yameandikwa 2200, 2600.

"Hii ndugu, ya 9900, ni nzuri?" tukauliza.

"Papa, angalia we mwenyewe namba. Ile ya ordinatere ni 2600 na iko ya zamani. Hii ni mupya, inapita mara tatu."

Na bei ilikuwa karibu moja. Nani hatachukua 9900?

Sasa ukweli. Ile namba, mAh, inasema kiasi cha umeme chenye jiwe linabeba, sawa vile litre inasema maji ya bido. Na bido ya 18650 iko na mwisho: makampuni makubwa ya Japani na ya Korea, yenye yanatumika mu kazi hii tangu Sony ilileta jiwe la lithium la kwanza ku soko mu 1991, leo yanafika ku 3500 na kidogo. Basi. Hakuna mutu mwenye anaweka litre 9 mu bido ya litre 3. Jiwe lenye limeandikwa 9900 limekwisha kujitaja lenyewe kama ni la uwongo, na halihitaji mwanasheria. Mara mingi, ukilipima, halifike hata 1000. Ile ya majivu, ya ordinatere iliyokufa, ingali inamushinda.

Kuko njia rahisi ya kujua, na ilitufurahisha sana: mizani. Jiwe la kweli la 18650 linapima gramu 45 mpaka karibu 50. Tulinunua moja la 9900 na moja la majivu, tukapeleka kwa mama mumoja mwenye anapima pete na minyororo ya zahabu. Alicheka, lakini alipima. La majivu: gramu 45. Lile la 9900: gramu 29. "Hii yenu ni maganda," mama akasema. Hakukosea mbali. Watu wenye wamepasula mabuye ya namna ile (usijaribu mu nyumba, yanaweka moto) wamekuta jiwe kidogo lililofichwa ndani ya kopo kubwa, na unga wa kujaza nafasi. Na hata gramu zikitosha, uwongo haujakwisha: kuko wenye wanachukua jiwe lililochoka, wanalivika plastiki mupya yenye jina kubwa, na mizani haiwezi kusema umri.

Kwa mwenye kuvuta, hatari iko hivi. Jiwe lililosharjiwa mpaka mwisho liko na volti 4,2. Vijana wenye wanapenda moshi mingi wanafunga kanyuzi kenye ukinzani wa om 0,2. Gawanya 4,2 na 0,2: ni ampere 21. Jiwe la kweli lenye lilitengenezwa juu ya kazi hiyo linatosha 20 ao zaidi bila kulalamika. La uwongo, hata kama limeandikwa 40, linaweza kuwa la ampere 5. Unamubebesha mutoto wa miaka sita mufuko wa simenti. Linapata moto, umeme unajifunga ndani, moto unazaa moto mwingine, na mwisho hewa inatafuta njia ya kutoka. Vape nzuri iko na matundu ya kupumulia chini, juu ya hewa hiyo. Kopi ya haraka mara zingine matundu yamechorwa tu, hayapite ngambo. Kile kikopo kinakuwa sawa bomba la bunduki. Mu Florida mutu mumoja alikufa hivyo mu 2018, na mwingine mu Texas mu 2019. Ku mwanzo wa 2021, ofisi ya Marekani yenye kuchunga usalama wa vitu vya soko iliambia watu wasinunue tena 18650 moja moja.

Hapo swali letu la kwanza lilipata jibu lake. Chuma cha kopi, ndiyo, kinaweza kukaribia orijinali. Jiwe la kopi, hapana. Mwenye alilipa dola 25 juu ya chuma hakuwa mujinga. Mwenye analipa dola 100 juu ya chuma, kiisha anatia ndani jiwe la 9900 la soko, huyo njo tulimushangaa.

Lakini muuzishaji alituambia neno moja lenye lilitusumbua. Tulimuuliza kama wateja wake wa 9900 ni vijana wa vape. Akakataa na kichwa. "Vape ni kidogo, papa. Mabuye haya yanapanda Kolwezi. Ya toshi ya kichwa. Ya ba-creuseurs."

Kila mutu mwenye amepita Kolwezi anajua toshi ya kichwa. Mu Kasulo, fasi watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao mu 2014, mashimo yalichimbwa mu parselle, hata ndani ya vyumba. Sheria inasema shimo la muchimbaji wa mukono lisipite metre 30. Hata kwa metre 30, jua haliko. Liko lile taa kwa kipaji, na nyuma ya kichwa, mu kasanduku ka plastiki, jiwe moja ao mawili ya 18650.

Tulizungumuza na kijana mumoja mwenye anashuka. Alisema taa yake inaanza kuwa nyekundu kisha saa moja na nusu, na yeye anashuka kwa saa tano, sita. Alifikiri ni taa. Alibadilisha taa mara tatu. Jiwe hakulidhania, juu liliandikwa 9900. Tulimuuliza anafanya nini taa ikikufa chini. "Ninaita mwenzangu. Kama hayuko, ninashika kamba na ninapanda kwa mikono. Mukubwa, unajifunza shimo lako sawa unajifunza nyumba yako butu."

Inchi yetu inatosha zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Sehemu kubwa inaenda kusafishwa Chine, na ile kobalti, gramu chache chache, njo inaingia mu mabuye mazuri ya 18650, yale ya gramu 45 na zaidi. Yale yanaenda mu magari, mu mashine, mu vape za dola 100. Kwetu kunarudia maganda. Na kuko kichekesho kingine, kama ni cha kuchekesha: ku depo za kununua mabuye ya udongo, kila mufuko unawekwa ku mizani, na mashine yenye watu wanaita Metorex inasoma teneur, na creuseur analipwa kufwata ile namba. Jiwe lake la kutoka ardhini linapimwa mara mbili. Jiwe lenye linamuangazia njia ya kutoka, hakuna mwenye alilipima.

Basi, kwa wenye watanunua kesho. Namba yoyote yenye inapita 3600 ku 18650, acha ku meza. Uliza mizani, mu soko zetu mizani haikosekane. Jiwe la ordinatere lililotolewa vizuri, halina kutu, plastiki yake haikupasuka, ni bora kushinda 9900 mupya ya kungaa. Ila kwa vape ya moshi mingi, hata hilo hapana: halikutengenezwa juu ya ampere 20. Usibebe jiwe mu mufuko pamoja na funguo ao vichele, juu chuma kikigusa pande zote mbili, mufuko unawaka. Na sharjere ya bei ya chini sana, yenye haijui kusimama ku volti 4,2, usiiache inafanya kazi wakati umelala.

Tulirudia kwa muuzishaji wa Kenya na ile namba ya gramu 29. Hakukasirika. Alichukua jiwe, akalitupa tupa mu mukono kama mutu mwenye anapima nyama, akachukua lile la majivu, akafanya vile vile. "Kweli," akasema, "ni bwepesi." Kiisha akatuuliza: kama akiandika 1000 pa fasi ya 9900, nani atanunua? Tulimwambia atie mizani ku meza. Alisema atafikiri.

Kijana wa Kolwezi tulimupatia mabuye mawili ya majivu. Siku tatu kisha, alitutumia sauti ku telefone: taa ilifika saa nne na bado ilikuwa nyeupe. Ile 9900 yake hakuitupa. Aliitia mu radio ya mama yake.