Unyevu Katika Nyumba ya Magurudumu

Watu wa Uingereza na Ujerumani wanaokaa katika nyumba za magurudumu, yaani magari yaliyojengewa jiko, choo na vitanda, hujihadhari sana na baridi ya kipupwe, ilhali kinachoziharibu nyumba hizo aghalabu si baridi bali ni maji: maji yatokayo katika pumzi za walalao, katika birika, katika makoti yaliyolowa mvua, na hata katika moto wa jiko, kwa kuwa kilo moja ya gesi ya propeni ikiungua huzaa mvuke ambao, ukipoa, huwa maji ya kilo 1.6, nayo hubaki humo ndani ikiwa jiko halina bomba la kuutoa nje.

Mvuke huo hutafuta mahali palipo baridi kuliko pote, napo ni kioo cha mbele kwa dereva, ambacho hakina tabaka mbili kama madirisha ya ubavuni. Basi mwenye gari na akishonee pazia nene la tabaka kadhaa, alifunge kwa nje. Wengi hulipenda la ndani kwa kuwa halilowi wala haliibiwi. Lakini la ndani hukiacha kioo kibaridi vilevile, mvuke ukapenya pembeni na kutiririka usiku kucha. Mimi naona heri taabu ya kukunja pazia bichi asubuhi.

Mahali pa pili hapaonekani mpaka godoro liinuliwe. Joto na jasho la mwili hupita katika sponji, hukutana na ubao baridi, na baada ya majuma machache upande wa chini huwa umepiga koga na kunuka uvundo. Aliyelalia kitanda cha kamba cha mwambao aijua dawa yake, maana kitanda kile hupumua kwa chini. Hali kadhalika hapa, ubao na utobolewe matundu mapana kiasi cha vidole viwili, pasipo kugusa kingo zinazoubeba, kisha juu yake zipangwe chaga nyembamba ili hewa ipite.

Lakini hadhari: matundu yaliyotobolewa sakafuni na kiwanda, yapitishayo upepo miguuni, yasizibwe kwa matambara hata baridi ikizidi. Propeni ni nzito kuliko hewa, nayo ikivuja hutuama chini na hutokea hapo. Na kaboni monoksidi, gesi itokayo katika moto uliokosa hewa, ambayo haina harufu wala rangi, huua watu usingizini. Kengele ya kuitambua ni ya lazima.

Yasalia umeme. Taa sita za halojeni za wati 10, katika mfumo wa volti 12, hunywa ampea 5, yaani ampea-saa 20 zikiwaka jioni kwa muda wa saa nne. Ukitia za LED za wati 1.5, ni 3 tu. Na kwa kuwa betri ya risasi ya ampea-saa 100 haifai kutumiwa kupita nusu, akiba hiyo si haba: yatosha kuendesha feni ya wati 12 kwa saa kumi na zaidi, ikiutoa mvuke wa chungu kabla haujafika kiooni, maadamu dirisha moja limeachwa wazi kidogo hewa iingie. Wala paa lisikatwe upya kwa ajili yake. Magari mengi ya Ulaya yana tundu la sentimita 40 kwa 40 darini, na feni za kipimo hicho huuzwa tayari.