Kijiti cha Munich na vyuo vya weusi Marekani

Ndugu msikilizaji, wiki hii nilitembelewa kazini na mzee mmoja kutoka pande za Nandi. Alikuwa na barua mkononi. Binti yake, mkimbiaji wa mita 800, ameitwa na chuo cha watu weusi kule Marekani. Swali lake lilikuwa fupi: "Bwana mtangazaji, hicho ni chuo kamili, ama tunapewa makombo?" Nilimwahidi kumjibu hewani, kwa kuwa najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Tuanze na historia. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, majimbo ya kusini mwa Marekani yaliwafungia weusi milango ya vyuo vya wazungu. Weusi wakawa na vyuo vyao, na hadi leo vipo vipatavyo 100. Kwa kuwa mwanariadha mweusi wa kusini hakuwa na pengine pa kwenda, vyuo hivyo visivyo na fedha vikazaa mabingwa. Alice Coachman, aliyepata malezi ya riadha katika chuo cha Tuskegee, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki, mjini London mwaka 1948. Wilma Rudolph wa Tennessee State alizoa dhahabu tatu mjini Roma mwaka 1960. Wasichana wote wanne walioshinda mbio za kupokezana vijiti huko Roma walitoka chuo hicho kimoja, wakifunzwa na Ed Temple.

Nasi Wakenya tumo. Waliotuletea dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 kwa watu wanne, Munich mwaka 1972, ni Asati, Nyamau, Ouko na Sang. Robert Ouko na Julius Sang walisoma North Carolina Central, chuo cha weusi katika mji wa Durham, chini ya kocha LeRoy Walker. Walker huyo ndiye aliyekuwa mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa riadha ya wanaume ya Marekani katika Olimpiki, Montreal mwaka 1976. Kwa hiyo, mzee wangu, hayo si makombo.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Vyuo vikubwa vilipofungua milango yao katika miaka ya 1960 na 1970, haki ilipatikana, na hapo hapo vyuo vya weusi vikaanza kupoteza vijana wao hodari. Waliwafuata wenye viwanja vikubwa na televisheni. Nani angewalaumu?

Miaka ya karibuni pengo limepanuka. Tangu 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na kuhama chuo kumekuwa rahisi. Mwaka 2025 mahakama iliidhinisha mapatano yanayoruhusu chuo kuwagawia wanamichezo wake zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka. Chuo kidogo kitazitoa wapi? Vingi hupeleka timu zao za kandanda ya Kimarekani kucheza ugenini na vyuo vikubwa kwa malipo. Vijana hufungwa vibaya, na fedha hizo husaidia kuendesha michezo mingine, riadha ikiwemo.

Mfano ni Travis Hunter, kijana aliyegombaniwa na vyuo vikubwa akachagua Jackson State, chuo cha weusi, Desemba 2021. Mwaka mmoja baadaye kocha wake, Deion Sanders, alihamia Colorado, naye Hunter akamfuata. Mwaka 2024 alitunukiwa kuwa mchezaji bora wa vyuo nchini Marekani, akiwa na jezi ya Colorado.

Hata hivyo nafasi ipo. Chuo kidogo humpokea mtoto ambaye vyuo vikubwa havikumwona, na akifika hapotei katika umati. Kutakuwa na watu watakaomjua kwa jina.

Basi kabla ya kutia sahihi, mzee, uliza haya. Ufadhili ni wa gharama zote au sehemu tu? Katika riadha ni kawaida ufadhili mmoja kugawiwa wanafunzi kadhaa. Je, ni wa mwaka mmoja au hadi amalize? Akiumia goti, nani atalipa hospitali, na atabaki darasani? Kocha akihama, ahadi yake itabaki? Usitegemee vibarua kuziba pengo la karo, maana viza ya mwanafunzi inabana sana kazi za malipo. Mwisho, atasomea nini? Majibu yawe kwa maandishi, yasiwe ya simu.

Wakikujibu vizuri, mwache binti aende. Ouko na Sang walipita njia hiyo wakarudi na dhahabu. Hata asipopata medali, arudi na shahada yake.

Hadi juma lijalo, kwaherini.