Memori ya Kompyuta: Nunueni Ukubwa, Siyo Kasi

Ndugu wanavikundi, fundi akiwashauri mnunue memori ya kasi kwa ile kompyuta yenu ya mtumba, kisha aipandishe kupita kiwango cha kiwandani, ngojeni kwanza. Kasi hiyo huongeza joto, na joto la Isiolo mwalijua. Mashine ikizima ghafla, hesabu za mikopo ya kikundi zaweza kuharibika.

Sisi tungeongeza ukubwa, GB 4 iwe 8. Chomoeni umeme, fungueni, someni kibandiko cha memori ya zamani. PC4 haiingii mahali pa PC3, pengo lake liko kwingine, msiisukume! Tena mkichanganya ya 1333 na ya 1600, zote zitaenda 1333. Muuzaji aijaribu mbele yenu kabla hamjatoa pesa.