Wengi Wape, Lakini Wengi Ni Akina Nani?

Haipiti wiki siku hizi bila ombi kuingia katika simu zetu: mpigieni kura mtoto wetu. Ombi huja na picha ya mtoto aliyevishwa kanzu au buibui, na agizo la kubonyeza kisha kuwapelekea wengine kumi. Aliyelileta ni shangazi, au jirani, au mwalimu wa madrasa, na asiyebonyeza huonekana amewapa jamaa zake mgongo. Mashindano yenyewe ni ya kila namna: ya kughani mashairi, ya mapishi ya futari, ya picha za watoto wachanga, ya kikundi bora cha akina mama, ya mwalimu bora wa mtaa. Mwisho wake ni mmoja. Mwenye kura nyingi ndiye mshindi, na anayelalamika hujibiwa kwa methali: wengi wape.

Methali hiyo tunaikubali. Ila iko haja ya kuuliza jambo ambalo methali haikulieleza: hao wengi ni akina nani, na wamehesabiwa vipi? Swali hili si la mchezo. Mtoto aliyejifunza shairi kwa miezi mitatu kisha akashindwa kwa sababu nyumbani kwao hakuna simu, hufundishwa somo ambalo hatutaki alijue mapema kiasi hicho.

Tuanzie Machakos. Kila atokaye Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara hupita Mlolongo, mji wa kaunti hiyo uliopata jina kutokana na foleni za malori yaliyokuwa yakisubiri kupimwa uzito katika mizani. Neno hilo hilo, kwa sababu nyingine kabisa, limeingia katika historia ya kura nchini Kenya. Mwaka 1986 chama cha KANU, kilichokuwa chama pekee kilichoruhusiwa kisheria, kiliamua kwamba wagombea wake wateuliwe kwa wafuasi kupanga foleni hadharani nyuma ya mgombea wamtakaye au wakala aliyeinua picha yake. Tarehe 22 Februari 1988 utaratibu huo ulitumika nchi nzima, Machakos ikiwemo. Aliyepata asilimia 70 au zaidi ya waliopanga foleni alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa, na hapakuwa tena na haja ya kumpigia kura ya siri katika uchaguzi mkuu wa mwezi uliofuata.

Kwa kuitazama juu juu, hakuna kura iliyo wazi kuliko hiyo. Mtu ana mwili mmoja, hawezi kusimama katika foleni mbili. Urefu wa foleni huonekana kwa macho, hata kwa asiyejua kusoma. Hata hivyo malalamiko yalikuwa mengi, na hayo ndiyo yaliyoifanya kura ya mlolongo ikumbukwe hadi leo. Ilisemwa kwamba penye foleni fupi palitangazwa ushindi, na penye foleni ndefu pakatangazwa kushindwa. Watu wakishatawanyika, hapakubaki karatasi ya kuhesabiwa upya. Tena yule aliyesimama mbele ya macho ya chifu wake, mwajiri wake au jamaa zake, hakusimama kwa uhuru kamili. Mnamo Desemba 1990 mkutano wa wajumbe wa KANU uliufuta utaratibu huo pamoja na kanuni yake ya asilimia 70.

Mashindano ya mtandaoni yamerudisha mlolongo kwa sura nyingine. Safari hii mpiga kura hana mwili. Ana namba ya simu, au anwani ya barua pepe, au akaunti. Mwenye laini tatu za simu husimama mara tatu. Mwenye kufungua akaunti bandia ishirini husimama mara ishirini, na zipo programu zinazoweza kubonyeza mfululizo huku mwenyewe amelala. Ikiwa kura inalipiwa, mwenye fedha husimama mara nyingi kadiri ya mfuko wake. Basi, kabla ya kusema wengi wape, yatupasa kuuliza mambo matatu: nani anaweza kuifikia foleni? Anaruhusiwa kusimama mara ngapi? Na nani anayehesabu?

Swali la kwanza ni la kuifikia foleni. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabia kaunti ya Machakos watu 1,421,932. Baadhi yao wako Mlolongo na Syokimau, ukingoni mwa jiji la Nairobi. Wengine wako vijijini Masinga na Yatta, nchi kavu ya wakulima na wafugaji. Sensa hiyo hiyo ilionyesha kwamba katika Kenya nzima waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6 ya watu wenye umri wa miaka mitatu na zaidi. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 25.1, na kwa wanawake asilimia 20.1. Tangu hapo simu zimeongezeka, lakini mwanya kati ya mji na kijiji haujazibwa. Tuchukulie kwamba wasichana wawili wa kaunti hiyo, mmoja wa Syokimau na mmoja wa Masinga, wameshindanishwa kwa shairi. Wa Syokimau ana majirani wenye intaneti majumbani. Wa Masinga ana kijiji kizima kinachompenda, lakini kijiji hicho hununua vifurushi vya siku moja moja, na mama zake wengi hawana simu za kufungulia kiungo. Kura zikihesabiwa, kitakachopimwa ni mtandao wa simu, wala si shairi. Na pwani yetu haina tofauti: mtoto wa Nyali na mtoto wa Kizingitini hawaanzi mbio katika mstari mmoja.

Swali la pili ni la kusimama mara ngapi, na Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake. Mwaka 2011 Mlima Kilimanjaro ulikuwa miongoni mwa washindani 28 wa fainali ya kutafuta maajabu saba mapya ya asili duniani, mashindano yaliyoendeshwa na taasisi binafsi ya New7Wonders. Watu walipiga kura kwa intaneti, kwa simu na kwa ujumbe mfupi, na kwa simu mtu aliweza kupiga tena na tena kwa kulipia. Nchi zenye watu wengi, simu nyingi na serikali zilizojitosa katika kampeni zilikuwa na nguvu ambayo mlima wenyewe hauwezi kuwa nayo. Matokeo yalipotangazwa Novemba mwaka huo, kutoka Afrika ulitajwa Table Mountain wa Afrika Kusini peke yake. Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895 na theluji karibu na ikweta, haukuwamo. Mwezi Mei wa mwaka huo huo Maldives ilikuwa imekwisha kujitoa, ikilalamikia gharama ilizotakiwa kulipa. Nayo UNESCO, katika mashindano ya kwanza ya taasisi hiyo mwaka 2007, ilijitenga nayo mapema, ikieleza kwamba kura za namna hiyo huonyesha maoni ya wenye intaneti tu, si ya dunia nzima.

Miaka miwili baadaye, tarehe 11 Februari 2013, orodha nyingine ya maajabu saba ya asili, ya Afrika peke yake, ilitangazwa mjini Arusha na taasisi tofauti iliyotegemea kura za wataalamu. Humo Kilimanjaro umo. Mlima haukuongezeka hata shubiri moja kati ya orodha hizo mbili. Kilichobadilika ni washindani wake na watu walioulizwa.

Swali la tatu, la nani anahesabu, lina upande ambao wengi wetu hatuutazami. Hata pasipo udanganyifu wowote, namna ya kuhesabu yaweza kumpa ushindi ambaye wengi hawakumtaka. Chukua wapiga kura 100. Sitini wanapenda vikundi vya qasida, lakini vikundi hivyo viko vitatu, basi kila kimoja kinapata kura 20. Arobaini wanapenda ngoma, na kikundi cha ngoma ni kimoja. Ngoma inashinda kwa kura 40, ilhali watu 60 kati ya 100 walitaka qasida. Hapo wengi hawakupewa. Walikatwa vipande vitatu.

Wako pia waandaaji wanaouliza umma kisha wasiufuate. Mwaka 2016 taasisi ya serikali ya Uingereza iliwaalika watu kupendekeza mtandaoni jina la meli mpya ya utafiti wa bahari za ncha za dunia. Jina la mzaha, Boaty McBoatface, lilipata kura zaidi ya laki moja na kuyaacha mengine mbali sana. Serikali iliipa meli jina la Sir David Attenborough, na jina la mzaha likapewa chombo kidogo cha kuzamia. Watu walicheka, lakini somo lake ni zito: anayebakisha kwake neno la mwisho alitangaze kabla ya kura ya kwanza, asilitoe mfukoni baada ya ya mwisho.

Je, basi kura za watu ziachwe kabisa? Hatusemi hivyo. Majaji nao ni binadamu, wana jamaa na wana upendeleo, na mara nyingi umma umemwinua mtu wa kijijini ambaye wakubwa hawakumwona. Kura huleta furaha na huwafanya watu waijali shughuli. Tunachosema ni kwamba kila kipimo kipewe jina lake. Kipenzi cha watu ni zawadi halali, maadamu hakiitwi msomaji bora. Katika mashindano ya kuhifadhi Qurani, hakuna apewaye ushindi kwa wingi wa marafiki. Majaji hufuatilia neno kwa neno, na kila kosa huondoa alama zake. Hakuna anayelalamika kwamba umma umenyimwa haki, kwa sababu kinachotafutwa kinajulikana.

Penye haja ya vyote viwili, njia ipo. Tangu mwaka 2009 fainali ya mashindano ya nyimbo ya Eurovision huko Ulaya huamuliwa na majaji pamoja na watazamaji, baada ya manung'uniko kwamba majirani na wahamiaji walikuwa wakipigiana kura. Na mtazamaji haruhusiwi kuipigia nchi aliyomo. Karibu zaidi nasi, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Lundo la kura kutoka pembe moja ya nchi halitoshi. Hekima hiyo inaweza kutumika hata katika mashindano ya madogo zetu: kura moja kwa kila namba ya simu, sehemu ya alama kwa majaji wasio na jamaa uwanjani, raundi ya pili kati ya wawili wa mwanzo, na hesabu iliyo wazi kwa atakaye kuikagua.

Kwetu sisi wa majumbani, liko neno moja zaidi. Kura ni ushahidi. Anayebonyeza jina anasema: huyu ndiye bora. Dini yetu imetuagiza kusimama na uadilifu katika ushahidi hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa wa karibu, na agizo hilo halikuondolewa kwa kuwa ushahidi wenyewe ni wa kidole kwenye kioo cha simu. Si dhambi kumpenda mtoto wa dada yako. Lakini msikilize kwanza, uwasikilize na wenzake, kisha useme ulilosikia. Na anayeomba kura amuombe mwenzake asikilize, asimdai kwa damu. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; mashindano mengi ya leo humlazimisha hata mwema ajitembeze.

Tuangalie pia kile tunachokitoa pamoja na kura. Namba ya simu na picha ya mtoto vikishaingia mikononi mwa waandaaji, si rahisi kuvirudisha. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Mwezi Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini hiyo. Mama ana haki ya kuuliza: picha ya mwanangu itakaa wapi, na itafutwa lini?

Ombi la wiki ijayo litakapofika, na halikosi kufika, tusiharakishe kubonyeza wala kukasirika. Tumuulize aliyelileta: majaji wapo? Mtu anapiga kura mara ngapi? Inalipiwa? Matokeo yatakaguliwa na nani? Akikosa majibu, tumwambie kwa upole kwamba tutamsikiliza mtoto wake akighani, tutampongeza na kumpa zawadi yetu wenyewe, ila jina lake hatutalipeleka katika foleni isiyojulikana mwanzo wala mwisho. Na ikiwa sisi ndio waandaaji, katika madrasa au chama cha akina mama, majibu hayo tuyaandike na kuyabandika mlangoni kabla mtoto wa kwanza hajapanda jukwaani.