Kalimati moja yatosha: adabu ya vitamu baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, leo tumependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo limeingia katika baadhi ya nyumba zetu kimyakimya, nalo ni ulaji wa vitamu kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Tunalileta kwa sababu lilitukuta sisi wenyewe, siku ya Idi, mbele ya wazee wetu.

Ilikuwa Idi el-Fitri, masika yameanza na njia ya kupanda Machame imejaa utelezi. Tulikuwa tumeswali mjini Moshi, kisha tukapanda mlimani kumwamkia bibi yetu kama ilivyo ada. Dada yetu alikuwa amefika jana yake kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, na kila aliyemwona alishangaa jinsi alivyopungua. Aliwaambia watu kwamba ni mazoezi. Sisi wawili watatu tu ndio tuliojua kwamba miezi minne nyuma alifanyiwa upasuaji, na alituomba tusimwambie mtu, akichelea maneno ya jamaa.

Ikaletwa sinia. Palikuwa na pilau, machalari ya ndizi na nyama, na katikati bakuli la kalimati zinazong'aa kwa shira. Dada alikula vijiko vichache vya machalari akasukuma sahani. Bibi akamtazama akasema, "Mjukuu wangu, hata kalimati za bibi yako unazikataa? Au huko mjini wamekufundisha kutuonea kinyaa?" Dada akaona haya. Akachukua kalimati moja, akaila upesi, kisha ya pili na ya tatu, na juu yake akanywa glasi ya juisi ya ukwaju.

Hazikupita dakika 20. Jasho lilimtoka, moyo ukamwenda mbio, macho yakaingia kiza, tumbo likamsokota hata akashindwa kusimama. Nyumba ikataharuki. Mmoja akasema ni husuda, mwingine akanong'ona juu ya chakula, na bibi aliposikia hivyo akaanza kulia, akidhani mkono wake ndio uliomdhuru mjukuu. Baada ya muda wa kama saa moja hali ikatulia, na hapo ndipo dada, akiwa amelala mkekani, alipomshika bibi mkono akamweleza ukweli.

Ndugu wasomaji, siku ile tulijifunza kwamba kiasi cha mgonjwa hakiwi mikononi mwake peke yake. Kimo pia mikononi mwa anayempakulia.

Upasuaji huu ni nini

Si busara kuucheka wala kuuona kuwa ni anasa. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba kiasi cha robo ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi. Uzito huo ukipindukia huandamana na kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti na kukosa pumzi usingizini. Wapo ambao wamejaribu kupunguza chakula na kutembea miaka mingi bila mafanikio. Hao ndio ambao madaktari huwafikiria kwa upasuaji. Katika miaka ya karibuni Hospitali ya Taifa Muhimbili, upande wa Mloganzila, imekuwa ikitoa huduma ya kuweka puto tumboni pamoja na upasuaji wa kupunguza uzito, na hivyo Watanzania wengi zaidi wameweza kuipata tiba hii bila kusafiri kwenda India.

Njia zinazojulikana zaidi ni mbili. Ya kwanza ni kukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo, takribani asilimia 75 hadi 80, likabaki mfano wa mrija mwembamba. Ya pili ni kutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, chenye ujazo wa kama mililita 30, na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Hii ya pili ndiyo aliyofanyiwa dada yetu.

Wako waliouliza kama huku si kubadili maumbile aliyoyaumba Mwenyezi Mungu. Mtume (s.a.w.) alituamuru tutafute dawa, akatufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila aliuteremshia na tiba yake. Anayeukabili upasuaji kwa kuokoa afya yake, kwa ushauri wa tabibu anayeaminika, yumo katika mlango huo wa kutafuta tiba. Lakini upasuaji huo haumalizi kazi. Mgonjwa huanza kwa vinywaji vyepesi, akapanda taratibu hadi vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini, na aghalabu hupita wiki 6 hadi 8 kabla hajarudi kwenye chakula cha kawaida. Atatumia pia vidonge vya vitamini na madini kwa muda mrefu, mara nyingi maisha yake yote.

Kwa nini kalimati tatu zilimwangusha

Kwa kawaida tumbo lina mlango wake wa chini ambao huachia chakula kidogo kidogo kuingia utumboni. Kwa aliyeunganishwa kifuko na utumbo, chakula hakipiti tena katika mlango huo. Sukari nyingi inapoteremka kwa mkupuo, huyavuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni, na mwili hushtuka: ndipo yanapokuja jasho, mapigo ya moyo, kizunguzungu, msokoto wa tumbo na kuhara, kwa kawaida kati ya dakika 10 na 30 baada ya kula. Kuna na dhoruba ya pili, inayokuja baada ya saa 1 hadi 3. Mwili unakuwa umemwaga homoni ya insulini kwa wingi kuikabili sukari ile, na sukari ya damu hushuka chini kuliko inavyotakiwa. Mtu hutetemeka, huhisi njaa kali, na anaweza hata kuzimia.

Waliopunguziwa tumbo kwa njia ya kwanza nao huweza kupatwa na hali hii, ingawa si sana kama wa njia ya pili. Lakini kutokupatwa nayo si usalama. Vitamu, na hasa vinywaji vitamu, huteleza na kupita bila kumshibisha mtu. Katika mwaka wa kwanza au mmoja na nusu uzito hushuka kwa kasi, hamu ya kula ikiwa ndogo. Baadaye hamu hurejea, na anayedonoa visheti asubuhi, soda mchana na biskuti usiku, huurudisha uzito wake pasipo kujua. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hakitofautishi mema na mabaya.

Halali yenye mpaka

Je, basi mtu huyu aharamishiwe vitamu? Hapana. Qur'ani Tukufu, katika Sura Al-Maida aya ya 87, inawakataza waumini kujiharamishia vizuri ambavyo Mwenyezi Mungu amewahalalishia, na papo hapo inawakataza kupita mipaka. Katika Sura Al-A'raf aya ya 31 tumeruhusiwa kula na kunywa, tukakatazwa israfu. Mtume wetu (s.a.w.), kama alivyosimulia Bibi Aisha (r.a.), alikuwa akipenda vitu vitamu na asali. Lakini ni yeye huyo aliyefundisha, katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba mwanadamu hajazi chombo kibaya kuliko tumbo lake, kwamba matonge machache ya kumsimamisha mgongo yanamtosha, na kama hana budi basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi.

Madaktari nao hawasemi vinginevyo. Kujinyima kabisa aghalabu huzaa uchu, na uchu huzaa kula kwa kujificha. Wanachotaka ni mgonjwa aonje kwa kujua anachokifanya. Wahenga walisema, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kwa aliyepasuliwa tumbo maneno hayo ni kweli tupu.

Kiasi katika sinia zetu

Sisi wa Moshi tunaishi kati ya migomba na miwa. Juu yetu ni vihamba vya ndizi, na chini, Arusha Chini, ni mashamba ya TPC ambayo yamekuwa yakilimwa miwa tangu miaka ya 1930. Sukari haiko mbali nasi, na chai ya nyumba zetu inalishuhudia hilo. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayoipata katika chakula, yaani kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo, ambayo ni kama vijiko 6 vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huweza kubeba zaidi ya gramu 35. Huo ndio ushauri kwa wenye matumbo mazima. Mwenye kifuko cha mililita 30 inampasa apungue zaidi.

Dada yetu alielekezwa mambo ambayo yanafaa kuwekwa jikoni kwa kila mwenye mgonjwa wa namna hii. Kwanza, aanze na chakula cha kujenga mwili: nyama laini, samaki, yai au maharage. Hapa chakula cha mlimani kina msaada wake, kwani mtori uliopikwa kwa nyama ya kutosha na kupondwa vizuri, au kiburu chenye maharage mengi kuliko ndizi, hufaa mara daktari anaporuhusu vyakula vilaini. Pili, ale katika kisahani cha chai, atafune sana, na mlo uchukue kama nusu saa. Tatu, asinywe pamoja na chakula. Asubiri kama nusu saa baada ya kula. Theluthi yake ya maji ataipata, lakini kwa wakati wake. Nne, kitamu kije mwisho, baada ya chakula, kipande kimoja au kijiko kimoja, si kila siku, na kisiwe cha kunywewa. Juisi ya miwa, soda na chai ya sukari nyingi ndivyo vya kuogopwa zaidi. Anayetaka kahawa baada ya mlo, na daktari wake amemruhusu, ainywe chungu, na kashata aimege ncha tu.

Akipatwa na dhoruba tuliyoieleza, alazwe apumzike, asilazimishwe kula zaidi. Ikiwa anatetemeka na kuchanganyikiwa, au anazimia, au anatapika bila kukoma, apelekwe hospitali upesi, iwe Mawenzi, KCMC au iliyo karibu, na daktari aambiwe wazi kuhusu upasuaji.

Na mwezi wa Ramadhani?

Mgonjwa ana ruhusa yake katika Sura Al-Baqara, aya za 184 na 185, na kuikubali ruhusa ya Mola si udhaifu wa imani. Kifuko kidogo hakiwezi kupokea maji mengi kwa mkupuo usiku, hivyo hatari ya kukaukiwa ni kubwa, na madaktari wengi hushauri kutofunga katika mwaka wa kwanza. Anayeruhusiwa kufunga, afuturu kwa utaratibu. Tende moja kubwa inaweza kubeba sukari ya vijiko 3 vya chai. Basi moja, au nusu yake, yamtosha. Na asiyeiweza tende asihuzunike, kwani Mtume (s.a.w.) alikuwa akifuturu kwa tende mbichi, zisipopatikana kwa tende kavu, na zisipopatikana kwa mafunda ya maji.

Adabu ya mwenyeji

Sasa tugeukie upande wetu sisi tunaopakua. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliandaliwa nyama ya mjusi wa jangwani nyumbani kwa Bibi Maymuna (r.a.). Akaurudisha mkono wake. Khalid bin Walid (r.a.) akamuuliza kama ni haramu, akamjibu kuwa sivyo, ila haikuwa chakula cha nchi ya watu wake. Khalid akala, na Mtume akimtazama. Hakuna aliyeudhika. Aliyeacha hakukitia ila chakula, na aliyekula hakumlazimisha aliyeacha.

Hiyo ndiyo adabu tuliyoikosa siku ile ya Idi. Tumezoea kupima mapenzi kwa wingi wa tunachokiweka katika sahani ya mgeni, na anayesema basi tunamwona amejivuna. Mgonjwa naye ana wajibu: amweleze walau mtu mmoja mwenye sauti katika nyumba, kwani siri ya dada yetu ndiyo iliyomfanya bibi amsukumie bakuli bila kujua, na ndiyo iliyoleta tuhuma za husuda. Nasi tukiambiwa, tuilinde siri hiyo, wala tusiifanye maneno ya kisimani.

Idi iliyofuata tulipanda tena Machame. Sinia ilikuja kama kawaida, lakini pembeni pakawa na kisahani kilichofunikwa kawa. Bibi alikifunua mwenyewe. Ndani palikuwa na vipande vya kuku, kijiko cha machalari, na kalimati moja iliyopitishwa kwenye shira kidogo tu. Dada alikula kuku kwanza, taratibu, kisha akaimega kalimati, nusu akaila, nusu akampa mtoto aliyekuwa akiikodolea macho. Bibi akamuuliza, "Imetosha?" Naye akajibu, "Imetosha, bibi, na tamu yake nimeipata."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atupe afya na kukinai, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaokula vizuri bila kupita mpaka. Amin.